Mbona Mhispania anamzidi Mjerumani umri, na Mbulgaria anajiona mzima kuliko Mdenmark?

Mtakwimu_Moro ameuliza:

Wakuu, habari za jioni.

Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, niko Morogoro. Msimamizi wangu kanipa kazi ya kulinganisha afya za nchi za Ulaya. Alisema takwimu zao ziko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo nisimletee habari za "data hazikupatikana". Kweli ziko wazi. Shida ni kwamba kila nikizipanga zinanigomea.

Nilianza na wazo jepesi: nchi ikiwa tajiri watu wanaishi sana, ikiwa maskini wanakufa mapema. Mkiani linakubali. Mwaka 2023 Bulgaria na Latvia ziko kwenye miaka 76 hivi, Uhispania 84. Ukipanda juu linavunjika. Ndani ya Umoja wa Ulaya, Ujerumani ndiyo inayoongoza kwa sehemu ya pato inayokwenda kwenye afya, lakini watu wake wanaishi miaka 81 tu. Mhispania mwenye mshahara mdogo anamwacha Mjerumani kwa karibu miaka mitatu. Italia nao hivyo hivyo.

Nikasema basi, ni mafuta ya zeituni na jua. Sasa Uswidi isiyo na zeituni, na jua lake la kuvizia, imevuka 83, na Ugiriki yenye zeituni zote zile iko nyuma yake.

Kilichonimaliza ni kipimo cha miaka ya afya njema, yaani miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi bila maradhi kumzuia shughuli zake. Hapo Bulgaria, ile ile ya mkiani, iko juu ya wastani wa Ulaya. Denmark iko chini kule karibu na Latvia! Nimepakua jedwali upya nikidhani nimechanganya safu. Sikuchanganya.

Walioko huko, au waliosomea mambo haya: ni vinasaba? Ni chakula? Ni hospitali? Nawasilisha.

---

BintiMalindi amejibu:

Mdogo wangu, mimi si mtafiti, ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwetu Malindi, kazi yangu iko Joensuu, mashariki ya Ufini, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kufika mpaka wa Urusi. Nakujibu kwa sababu mkoa huu, Karelia ya Kaskazini, una sehemu kubwa ya jibu lako, na wanaolijua bado wako hai, nawapa dawa kila asubuhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanaume wa Ufini ndio waliokuwa wakiongoza duniani kwa kufa na maradhi ya moyo. Ndani ya Ufini, mkoa mbaya kuliko yote ulikuwa huu. Na usidhani ni watu wa kukaa ofisini na vitambi. Walikuwa wakata miti na wakulima wadogo wenye ng'ombe wachache, wembamba, wenye mikono kama magome. Bibi mmoja wa hapa kazini, miaka tisini na ushei, alinisimulia mumewe alivyoanguka msituni na msumeno mkononi hata hajafika hamsini. Mimi nikadhani mti ulimwangukia. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi: "Moyo, binti. Kijijini kwetu wanaume walikuwa wanakwenda hivyo."

Ukiwauliza walikula nini, wanakuhesabia kwa fahari. Baada ya vita serikali iligawa vishamba kwa askari waliorudi na kwa wakimbizi waliotoka upande wa Karelia uliochukuliwa na Wasovieti. Kila kishamba na ng'ombe wake. Kwa hiyo maziwa yasiyotolewa mafuta, siagi kwenye mkate, siagi ya kukaangia, siagi juu ya zile pai za Karelia za unga wa rai zenye wali ndani. Nyama ya nguruwe na chumvi ya kutosha, kwa sababu ndiyo iliyohifadhi chakula majira ya baridi. Mboga ilikuwa malisho ya mifugo. Juu ya hapo, zaidi ya nusu ya wanaume walivuta sigara. Watu waliotoka kwenye njaa ya vita, siagi kwao ilikuwa ushahidi kwamba maisha yamenyooka. Nani angewaambia waache?

Walijiambia wenyewe, kwa namna fulani. Mwaka 1971 viongozi wa mkoa walipeleka ombi serikalini: tunakufa, fanyeni jambo. Mwaka uliofuata ukaanza mradi, na aliyepewa kuuongoza ni daktari kijana wa miaka ishirini na kitu, Pekka Puska. Hapa ndipo napenda uangalie kwa makini, kwa sababu hawakujenga hospitali kubwa ya moyo. Walikwenda kwa akina mama wa chama cha Martha, wanaofundishana upishi vijijini, wakafanya nao karamu za kupika mapishi ya zamani kwa mafuta machache na mboga zaidi. Walikwenda kwa wauguzi wa zahanati, wakawafundisha kupima presha ya kila anayepita. Walikwenda kwa wenye viwanda. Inasimuliwa kwamba kiwanda cha soseji cha hapa kilipunguza mafuta na kujazia uyoga. Baadaye vijiji vilishindanishwa kushusha kolesteroli, kijiji kinachoshusha zaidi kinapata zawadi. Bibi yangu yule anakumbuka mashindano hayo vizuri kuliko anavyokumbuka jina langu.

Wafugaji walikasirika, na walikuwa na haki. Ukimwambia mtu aache siagi wakati siagi ndiyo ada ya shule ya wanawe, umemwambia nini? Wengine walisaidiwa kuhamia kilimo cha matunda madogo ya porini na bustanini, yale meusi na mekundu unayoyaona kwenye picha za huku. Ikaja pia rypsi, mmea wa maua ya manjano wa jamii ya haradali, unaostahimili baridi na kutoa mafuta ya kula. Mfini akapata mafuta yake mwenyewe bila kusubiri zeituni ya mtu.

Matokeo: miaka arobaini baadaye, vifo vya moyo kwa wanaume wa mkoa huu wenye miaka 35 hadi 64 vilikuwa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Sasa rudi kwenye ramani yako. Mwaka 1958 Mmarekani Ancel Keys alianza utafiti wa nchi saba, na kati ya wanaume waliofuatiliwa walikuwemo wa Krete, Ugiriki, na wa huku mashariki ya Ufini. Krete walikufa kwa moyo kidogo mno, huku kwetu wengi mno. Ungechora ramani yako miaka ile ungeandika "baridi inaua" na kila mtu angekuamini. Theluji bado ipo, leo asubuhi nimeikwangua kwenye kioo cha gari. Damu ni ile ile. Sikatai vinasaba: Wafini wa mashariki wana urithi wao tofauti na wa magharibi, na mashariki bado imebaki nyuma kidogo mpaka leo. Lakini mtu hawezi kupata vinasaba vipya kati ya 1972 na 2012.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nchi gani ina afya, uliza takwimu hii ni matunda ya mwaka gani. Moyo wa mtu wa miaka 60 unabeba sahani za miaka thelathini nyuma yake.

Nikuachie na fumbo moja ambalo siagi hailijibu. Kisukari aina ya kwanza, kile cha watoto, Ufini inaongoza dunia nzima. Vuka mpaka uingie Karelia ya Urusi, watu wa asili inayokaribiana, misitu ile ile: utafiti ulikuta watoto wa huko wanaugua mara sita pungufu. Wapo wanaosema ni usafi uliopitiliza, kwamba mwili wa mtoto haukukutana na vijidudu vya kuufundisha kazi. Bado wanabishana.

---

Mpemba_Ughaibuni amejibu:

Bi Malindi kamaliza la moyo, ahsante sana. Mimi nipo Copenhagen, kazi yangu ni takwimu, basi niachieni hilo la Denmark maana huniuma.

Ndugu yangu wa Moro, hicho kipimo cha miaka ya afya njema kimeshonwa kwa vitambaa viwili. Kimoja ni jedwali la vifo, linatoka kwenye daftari la serikali. Cha pili ni dodoso. Mtu anaulizwa: kwa miezi sita iliyopita au zaidi, tatizo la kiafya limekuzuia kiasi gani kufanya mambo ambayo watu kwa kawaida hufanya? Sana, kiasi, au hapana. Basi. Hakuna daktari wala kipimo cha sukari.

Mdenmark akiulizwa hivyo anayo orodha. Daktari wake wa mtaa kamwona bure, mgongo una jina, presha ina jina, usingizi una jina. Kakadiria maisha yake kwa yale anayotarajia kufanya: baiskeli kila siku, bustani, kuogelea baharini Januari. Akipungukiwa kimoja anajibu "kiasi". Mbulgaria wa kijijini ana miaka 70, anapasua kuni, jirani zake wa rika lake wengine wamekwishazikwa. Anajibu "hapana". Huko zaidi ya theluthi ya gharama za afya hutoka mfukoni mwa mtu mwenyewe, basi mwenye presha wengi hawajui kama wanayo mpaka kiharusi kiwafikie. Na kiharusi Bulgaria kinaua kuliko karibu kote katika Umoja wa Ulaya. Aliyekufa hajazi dodoso. Tena dodoso hupita majumbani tu: wazee wa Bi Malindi, kwa kuwa wako kwenye nyumba ya kutunzwa, hawaulizwi.

Mimi kwenye kazi yako ningekitaja kipimo hicho aya moja, niseme kinafaa kufuatilia nchi moja miaka ikipita, nisikitumie kupanga nchi kwa daraja. Ukitaka kumjua Mbulgaria vilivyo tazama 2019 hadi 2021: umri wa kuishi ulishuka kutoka 75.1 hadi 71.4. Korona iliwakuta na chanjo chache mikononi mwa watu na mioyo iliyokwishachoka.

Halafu sigara, ambayo hukuitaja hata mara moja! Hilo ndilo jibu la Uswidi wako asiye na zeituni. Mwaka 2019 waliovuta kila siku Uswidi walikuwa asilimia 6.4, Bulgaria 28.7. Wanaume wa Kiswidi huweka tumbaku chini ya mdomo, ile snus, ambayo imepigwa marufuku kuuzwa kwingine kote ndani ya Umoja. Si kwamba ni dawa, lakini mapafu yao yanaonekana kwenye takwimu. Ujerumani mpaka juzijuzi mabango ya sigara yalikuwa yananing'inia barabarani.

Denmark yenyewe ina kisa chake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka katikati ya 1990, umri wa kuishi wa wanawake wake ulisimama palepale wakati wenzao wa Uswidi, ng'ambo ya daraja, wanaendelea kupanda. Watafiti walichimba, wakakuta mzigo wote uko kwa wanawake waliozaliwa kati ya vita viwili vya dunia. Hao walivuta sigara wakiwa vijana kuliko mama zao na kuliko wanawake wa nchi jirani. Walipoanza kufa na kuisha, mstari ukapanda tena. 

Ndiyo maana Mhispania asikutie wazimu. Wanawake wa Uhispania wa enzi za dikteta Franco wengi hawakuvuta, ilikuwa aibu. Walianza mabinti zao, na saratani ya mapafu kwa wanawake wa huko inapanda hivi sasa. Hao wa 84 unaowasifu, sehemu yao ni bibi ambao hawakupewa hata nafasi ya kuharibu mapafu.

---

Dereva_wa_Clyde amejibu:

Nyote mnazungumza nchi, nchi. Mimi naendesha basi Glasgow, Uskoti. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 ilitaja mitaa miwili ya huku: Calton, mwanaume anatarajiwa kuishi miaka 54. Lenzie, 82. Si mbali, ni mwendo wa basi tu. Wajuzi walisema baadaye Calton ilikuwa na hosteli nyingi za wasio na makazi, zikavuta hesabu chini, sawa, nakubali. Lakini nikipita pale Jumatatu asubuhi sihitaji ripoti.

Na msiseme umaskini mkaishia hapo. Mwaka 2010 walilinganisha Glasgow na Liverpool na Manchester, miji mitatu yenye umaskini unaolingana kabisa kwenye makaratasi. Vifo vya mapema Glasgow vilizidi kwa asilimia 30. Walikuja kueleza kwamba baada ya vita serikali ilichukua familia changa na mafundi wenye kazi ikawahamishia miji mipya kama East Kilbride na Cumbernauld, mjini wakabaki wazee na waliokwama. Hayo huyapati kwenye safu ya "pato la mtu".

Pombe nayo. Tangu Mei 2018 Uskoti iliweka bei ya chini kabisa, huwezi kuuza kipimo kimoja cha pombe chini ya peni 50, na 2024 wakapandisha kuwa 65. Tathmini ya serikali ilisema vifo vya pombe vilipungua kwa asilimia 13 hivi kuliko ambavyo vingekuwa. Abiria wangu wanaichukia sheria hiyo kwa moyo wote.

---

Kaka_Mkavu amejibu:

Swali dogo kwa BintiMalindi. Wewe siagi uliacha?

---

Mtakwimu_Moro amejibu:

Wakuu nimenyamaza kwa sababu nasoma. Shikamoo dada BintiMalindi, na ahsanteni wote.

Dada, naomba nikusumbue kidogo. Nimeutafuta mradi wako wa Karelia nikakuta wabishi. Wanasema mkoa wa Kuopio uliwekwa kuwa wa kulinganishia, haukupewa mradi, na vifo vya moyo vilishuka kule pia, hata Ufini nzima. Sasa tutajuaje kama ni zile karamu za akina mama na mashindano ya vijiji, au vingeshuka tu hata bila hizo?

Na la pili, msimamizi anataka ulinganisho wenye mlinganyo wa hesabu, si hadithi. Nchi 27 kwenye mstari mmoja, pato huku, umri kule.

---

BintiMalindi amejibu:

Marahaba. Wabishi wako wana hoja, na watu wa mradi wenyewe hawaikimbii. Kuopio ilishuka. Lakini Kuopio ni jirani mwenye redio ile ile na gazeti lile lile, na mwuza soseji yule yule. Utamzuiaje mke wa Kuopio asisikie kilichosemwa Joensuu? Miaka mitano ya kwanza ilipokuwa ikiisha mambo yakachukuliwa kitaifa: programu za kuacha sigara kwenye televisheni, sheria ya tumbaku ya 1976 iliyopiga marufuku matangazo, baadaye onyo la chumvi kwenye pakiti za chakula. Ukiuliza kama mkoa ulishinda mkoa, jibu ni gumu. Ukiuliza kama chakula na sigara vilibadilika kwanza na vifo vikafuata, hilo halina utata.

Kama unataka ushahidi ambao haukupangwa na mradi wowote, mtazame Mpoland. Mpaka 1990 vifo vya moyo vilikuwa vikipanda. Ukomunisti ukaanguka, ruzuku ya siagi ikaondolewa, mafuta ya mimea yakajaa madukani kwa bei nafuu. Ndani ya miaka michache vifo vikaanza kuporomoka. Hakuna karamu iliyofanyika wala daktari kijana aliyezunguka vijijini. Bei tu.

Kuhusu msimamizi: mpe mlinganyo wake, usigombane na mtu anayetia saini. Ila nchi 27 kwenye mwaka mmoja zitakupa mstari mzuri usiokueleza kitu. Ongeza sura moja yenye nchi mbili tu. Ningekuwa mimi ningechukua Ufini na Estonia. Lugha zao ni ndugu, kati yao kuna ghuba ambayo meli inavuka kwa saa mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanaume wa nchi hizi mbili walikuwa wakiishi umri unaokaribiana, kama 65. Kisha mmoja akapanda na mwingine, chini ya Wasovieti na vodka yao, akasimama karibu miaka thelathini, akaporomoka mwaka 1994 wakati Warusi nao wanaporomoka mpaka chini ya 58, halafu akaanza kukimbia kuwafukuzia Wafini. Chukua wanaume wa miaka 35 hadi 64, vifo kwa sababu: moyo, kiharusi, ajali na pombe, kila kimoja na mstari wake, kuanzia 1970. Tenganisha wanawake, maana nchi za Baltiki, kama Estonia na Latvia, mwanamke anamzidi mwanaume karibu miaka tisa au kumi na wastani wa pamoja unaficha hilo lote. Na hakikisha viwango vimesawazishwa kwa umri, Uhispania ina wazee wengi, bila hivyo itaonekana inakufa.

Kaka_Mkavu: kazini tunakula majarini, nyumbani nina chupa ya rypsi. Ila pai ya Karelia bila siagi hailiki, hata yule bibi wa mashindano anakubali. Na wenzangu weusi mlioko kaskazini, badala ya kunichunga siagi, nendeni mkapime vitamini D. Huku wanaitia kwenye maziwa na majarini kwa kuwahesabu watu weupe, ambao ngozi zao hunufaika upesi na jua la kiangazi. Sisi ngozi zetu zinataka jua zaidi ya hapo, na la Desemba ni hafifu mno.

Mtakwimu, ukikwama kwenye mafaili ya Estonia niandikie hapahapa. Wiki hii niko zamu ya usiku, nitajibu mchana.